Sindano za Kufumia Hazichomi

Nimepona. Naanza na hilo usije ukasoma haya umeshika roho mkononi. Kama sasa hivi umekaa kwenye benchi la kliniki, barakoa usoni, na kikopo cha makohozi umekifutika ndani ya mkoba kama mtu aliyeiba yai, basi haya nimekuandikia wewe. Mimi si daktari. Ni mfumaji wa nguo za watoto wachanga hapa Bagamoyo, kazi niliyoianza kabla sijaolewa na ninayo mpaka leo, mjane wa miaka hamsini na minne. Habari za vidonge watakueleza wenyewe. Mimi nitakueleza makosa yangu, hasa lile moja.

Watu hucheka wakisikia nafuma sufu katika mji ambao hata kuku wanagombea kivuli. Waache wacheke. Nionyeshe mama wa Pwani atakayemtoa mtoto mchanga nje bila sweta, kofia na soksi, hata jua liwake vipi. Hayupo. Wanawake hawaachi kuzaa, nami sikosi kazi.

Kikohozi kilinianza mwishoni mwa kipupwe. Sikushtuka hata kidogo, maana nilikuwa na mtu wa kumlaumu. Mzee Jayanti, Mhindi anayeniuzia uzi miaka yote, alikuwa ameleta uzi mpya unaomwaga manyoya. Ukifuma nao asubuhi moja tu, mapaja yote yanajaa vumbi la rangi. Nikajiambia ndilo hilo linaloingia kifuani. Nikaenda dukani kwake nimekunja uso.

“Mzee Jayanti, huu uzi wako utaniua. Sina ninalofanya ila kukohoa.”

Akaniangalia kwa juu ya miwani. “Bi Zuhura, mimi nakaa na uzi huu ndani ya duka tangu asubuhi mpaka jioni. Unaniona nakohoa?”

“Wewe hufumi.”

“Sifumi, lakini napumua. Nenda kapime.”

Lo! Nilikasirika mimi. Nikamwambia asinifundishe kazi yangu, nikahamia duka jingine. Kikohozi nacho kikahama na mimi. Nikaanza kufuma nje barazani, nikajifunga kitambaa puani, nikanywa tangawizi na asali mpaka ulimi ukachoka. Magauni yakaanza kunipwaya, na mashoga zangu wakanisifu kwamba nimepungua, nimependeza. Nikafurahi, Mungu anisamehe, nikashona upya na viuno.

Mvua za vuli zilipoanza, binti yangu Mwanahawa akarudi nyumbani kujifungua. Ndiyo desturi yetu, mimba ya kwanza mtu huja kuzalia kwao. Mumewe, Shabani, ni mtu wa Fukayosi, analima mananasi, akamleta na begi lake na kuku wawili. Akazaliwa Nasra, mjukuu wangu wa kwanza, kilo mbili na nusu, nywele tele, kelele chache.

Sasa wewe unajua arobaini ilivyo. Mzazi hatoki, hapiki, hafui. Mama yake ndiye anayemkanda kwa maji ya moto, anayempikia mchuzi wa pilipili manga, anayemwogesha mtoto, na analala nao chumba kimoja. Nilifanya yote kwa mikono yangu, na kwa pumzi yangu. Nilikuwa nikikohoa nageuka ukutani, nafunika mdomo na kanga. Nikaona inatosha.

Siku ya arobaini mtoto hutolewa nje kwa mara ya kwanza, akiwa amevaa vizuri. Nilikuwa nimemnunulia sufu halisi ya kondoo, nyeupe, siyo ile ya kiwandani ninayofumia wateja. Siku ya thelathini, asubuhi, nimekaa kitandani kwa Mwanahawa nafuma mkono wa sweta lake la siku hiyo, kikohozi kikanijia ghafla hata sikuwahi kugeuka. Kilipotulia, nikaona tone jekundu juu ya ule weupe.

“Mama, damu hiyo?” Mwanahawa akauliza.

“Nimejichoma na sindano,” nikamjibu.

Aliniangalia tu, kisha akamsogeza mtoto upande wa pili wa kifua chake. Jamani, sindano za kufumia hazichomi! Ni nene kama penseli na ncha zake ni butu. Mwanahawa alikua chini ya sindano hizo, alizitafuna alipokuwa anaota meno, na hazijamtoa hata tone. Nikafumua safu ile, nikakata uzi penye doa, nikaunga, nikaendelea. Nikalala nao chumba kile siku tisa nyingine.

Utaniuliza kwa nini. Kwa sababu nilijua. Nilipokuwa mdogo, mjomba wangu alikohoa hivyohivyo, na mara tu damu ilipoonekana akatengewa kikombe na sahani, akawa anakula peke yake nyuma ya nyumba mpaka tukamzika. Sikutaka kutengwa na mjukuu wangu ndani ya arobaini yake. Nilisema moyoni: imalizike kwanza arobaini, kisha nitakwenda kimyakimya. Niliogopa aibu kuliko nilivyoogopa ugonjwa, na nimeshaacha kujitafutia udhuru.

Siku ya thelathini na tisa nilikosa utepe wa kufungia shingo ya sweta. Wa rangi niliyoitaka alikuwa nao Mzee Jayanti peke yake, nikameza kiburi nikaenda. Hata salamu hatujamaliza, kikohozi kikanikamata, nikakaa juu ya gunia la pamba na kanga mdomoni. Nilipoiondoa, aliona. Yule mzee, ambaye hafungi duka hata akiwa na homa, akafunga milango saa nne ya asubuhi, akaita bajaji, akapanda nami.

“Ukirudi na karatasi inayosema ni uzi wangu,” akaniambia njiani, “nitakupa duka zima.”

Nilicheka, na kule kucheka kukaniletea kikohozi kingine. Tulingoja pamoja kwenye benchi mpaka adhuhuri ikapita. Mimi nilikuwa nimetoa makohozi kwenye kikopo, yeye anasoma mabango ya ukutani kwa sauti kama mtoto wa shule, ili nisipate nafasi ya kuwaza. Nikaitwa. Nesi, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, akaniambia ni kifua kikuu, kwamba kinatibika, na kwamba dawa ni miezi sita bila kuruka siku. Akaanza kujaza kadi yangu.

“Nyumbani unakaa na nani?”

“Na binti yangu, na mtoto wake.”

“Mtoto ana umri gani?”

“Kesho anatimiza siku arobaini.”

Akaiweka kalamu chini. Mpaka leo, katika yote niliyopitia, hakuna kitu kilichonitisha kama ile kalamu kuwekwa mezani.

Siku ya arobaini Nasra alitolewa nje kweli, amevaa lile sweta, lakini kwa kupelekwa hospitali. Wakampima yeye na mama yake. Mwanahawa alikuwa salama. Mtoto hawakumwona na ugonjwa, lakini nesi alisema ni mdogo mno na amevuta pumzi yangu kwa muda mrefu, kwa hiyo atapewa dawa ya kinga, ile ya kuyeyusha kwenye maji, kila siku kwa miezi sita, na apimwe uzito kila mwezi. “Asipoongezeka,” akasema, “mumlete haraka.” Jioni ile Shabani akaja kuwachukua. Mimi nilisimama mwisho wa ua, barakoa usoni. Mwanahawa alipita na mtoto, hakugeuka, akasema tu, “Dawa unywe, Mama.” Baada ya hapo nikipiga simu yake inaita mpaka inakata.

Nikaanza dawa katika joto la kaskazi. Kila asubuhi nilikwenda kliniki kumeza mbele ya nesi, vidonge vinne vyekundu kwa mkupuo. Siku za kwanza harufu ya chakula ilinichefua, hata ya wali wa nazi, mimi ninayejulikana kwa kula. Mkojo ukawa rangi ya chungwa, nikapiga ukelele chooni mpaka jirani akaja mbio. Jasho nalo likabadilika, nikaona linapaka uzi, nikaacha kufuma vyeupe. Kisha viungo vya vidole vikavimba. Safu niliyokuwa naimaliza huku napiga soga ikanichukua saa nzima, nikauma meno. Mteja mmoja alirudisha seti ya mwanawe imefungwa kwenye gazeti, akaiweka mlangoni, akaenda zake bila hodi. Nililia siku ile. Nesi aliniambia ugonjwa huu hausafiri kwa nguo, unasafiri kwa pumzi, na nimwambie yeyote anayeuliza. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeuliza.

Lakini benchi la kliniki lilinifaa. Unazoeana na watu. Kulikuwa na kijana dereva wa lori kutoka Chalinze aliyekuwa akituchekesha kwa kutaja mapishi yote atakayokula akinenepa. Kulikuwa na mwalimu mstaafu aliyeleta redio. Mwezi wa kwanza ulipokwisha mizani ikasema nimeongezeka kilo mbili, na benchi zima likanipigia makofi. Ukiwa huko, usikae umeinama. Salimia watu.

Mwishoni mwa mwezi huo nikasikia hodi. Alikuwa Bi Mwanamvua, mkwe mwenzangu, mama yake Shabani, ametoka Fukayosi na kikapu kichwani. Nikajua amekuja kunisema. Tukasalimiana, tukaulizana habari za mashamba, za mvua, za miguu yake, za kila kitu isipokuwa kile kilichomleta. Mwisho akatia mkono kikapuni akatoa kitu cheupe, kidogo, kigumu.

“Bi Zuhura, nisamehe,” akasema. “Mwenzio niliogopa. Nikalichemsha lile sweta mara tatu kwenye sufuria, niue vijidudu. Limekuwa hivi.”

Nikalishika. Sufu halisi ya kondoo, ukiichemsha hujikunja ikashikana. Sweta la mjukuu wangu lilikuwa halimtoshi hata paka. Nikamtazama Bi Mwanamvua, naye akanitazama, tukaangua kicheko wote wawili mpaka akalazimika kushika nguzo ya baraza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka hivyo nyumbani kwangu tangu siku ya bajaji, na safari hii sikukohoa.

“Sasa?” nikamuuliza, nafuta machozi.

“Sasa fuma jingine. Kipimo hiki hapa.” Akanipa uzi wenye mafundo mawili. La kwanza lilikuwa mzunguko wa kifua cha Nasra, la pili urefu wa mkono wake.

“Nani amepima?”

“Mimi nilishika uzi. Mama yake ndiye aliyefunga mafundo.”

Wallahi, niliushika uzi ule kama hirizi. Mwanangu hapokei simu yangu, lakini amenifungia fundo.

Kuanzia hapo, kila mwezi Shabani akileta mananasi mjini huniletea na uzi. Ndivyo nilivyomwona mjukuu wangu akikua, kwa kulinganisha uzi wa mwezi huu na wa mwezi uliopita juu ya meza. Mwezi wa pili kifua kilikuwa kimeongezeka upana wa kidole. Nesi akapima makohozi yangu akaniambia ni safi, siambukizi tena, vidonge vikapungua. Ramadhani ikaingia na sikufunga. Nilijisikia vibaya, nakula mchana nimejificha jikoni kama mtoto. Lakini jioni majirani walikuwa wakiniletea futari, tambi na mihogo ya nazi, na safari hii hawakuiacha mlangoni, waliingia wakakaa. Taratibu watu walikuwa wanarudi.

Kisha masika, na uzi wa mwezi ule, ulioletwa safari hii na dereva wa gari la mananasi, ulipofika nikauweka mezani, nikaunyoosha, nikarudia. Ulikuwa sawasawa na wa mwezi uliopita. Mafundo hayakusogea hata unywele. Nikamkumbuka nesi: asipoongezeka, mumlete haraka. Nikampigia Shabani.

“Mama, shikamoo. Nilikuwa nataka kukupigia. Nasra ana homa na anakohoa. Tumeshafika naye hospitali hapo mjini, amelazwa.”

Marahaba yenyewe sikumbuki kama niliitika. Nilitoka na ndara za kuogea, mvua inapiga, nikafika wodi ya watoto nimelowa chapachapa. Hawakuniruhusu kuingia, saa ya kutazama wagonjwa haikuwa imefika. Nikakaa kwenye benchi la nje. Baada ya muda Mwanahawa akatoka na chupa ya maji, amekonda, macho mekundu. Akaniona. Akasimama. Kisha akaja kukaa benchi lilelile, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yetu.

“Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Wamesemaje?”

“Wamempiga picha ya kifua. Tunangoja majibu.”

Tukangoja. Mvua ilikuwa inagonga mabati hata husikii mtu wa pembeni. Nilitamani kuzungumza, nikawa naogopa. Mwishowe yeye ndiye aliyeanza, akiangalia mbele.

“Ugonjwa sikulaumu, Mama. Ugonjwa hakuna aliyeuomba. Ni ile sindano.”

“Najua.”

“Nilijua ni uongo. Nikajiambia Mama hawezi kumdanganya mtu juu ya mtoto. Nikanyamaza kwa sababu ni wewe. Kwa hiyo akipatwa na kitu, na mimi nimo.”

Hapo ndipo nilipokatika. Nilikuwa nimefikiri ananichukia, kumbe muda wote alikuwa amebeba nusu ya mzigo wangu. Sisi wazee wa huku hatuna mazoea ya kuwaomba watoto radhi. Tunawapikia kitu wanachokipenda, tunanyamaza, yanapita. Lakini pale benchini sikuwa na jiko.

“Niwie radhi, Mwanahawa,” nikasema. “Nilikudanganya. Niliona damu nikajua ni nini, nikachagua kunyamaza. Kosa ni langu peke yangu. Wewe ulikuwa mzazi ndani ya arobaini, huna lawama hata chembe. Niwie radhi.”

Mlango ukafunguliwa, daktari msichana akatoka na ile picha, akamwita mama wa Nasra. Nikabaki nimekaa, nasoma kila dua ninayoijua na nyingine sikumbuki nimefundishwa na nani. Walizungumza pale mlangoni, sisikii neno kwa ile mvua, naona mgongo wa mwanangu tu. Kisha mgongo ukalegea, akageuka.

“Ni nimonia ya kawaida, Mama. Siyo ile. Siku chache za sindano, anapona.”

Alhamdulillahi! Nilisujudu palepale kwenye sakafu yenye matope ya miguu ya watu, na mlinzi akanikemea eti nitateleza. Nasra alitoka siku ya nne. Uzi uliofuata uliletwa mapema, na fundo la kifua lilikuwa limesogea vidole viwili. Mwanahawa akawa anapokea simu, ingawa kwa maneno machache, ya homa na choo na meno. Sikumsukuma. Kuomba radhi ni kazi ya siku moja, lakini kuaminiwa tena si jambo la kumdai mtu.

Mimi nilimaliza dawa kipupwe kilipoanza. Nesi akanipima mara ya mwisho, akapiga muhuri kwenye kadi, tukakumbatiana. Nasra naye alimaliza zake wiki ileile. Mzee Jayanti alinipa donge la uzi wa njano, bure, akasema ni wa kuniomba msamaha kwa kutonipa duka. Vidole vyangu sasa viko sawa, isipokuwa cha mwisho cha kushoto, ambacho bado kina ganzi asubuhi. Na wewe, kama unakohoa na nyumbani kuna mtoto mchanga, usingoje arobaini iishe. Aibu niliyoikimbia mimi haikufika hata robo ya ile niliyojitengenezea.

Mwanahawa alikuja Julai, bila kuniarifu, asubuhi yenye ubaridi. Nilimkuta mlangoni na Nasra mgongoni. Mtoto wa miezi minane, mashavu hivi, meno mawili chini. Tukaamkiana. Nikasimama, mikono nimeiweka nyuma.

“Mama, mbona umesimama kama mgeni?”

“Basi tu, mwanangu.”

“Hawakukwambia umepona?”

“Wameniambia.”

“Haya.” Akafungua mbeleko, akanitia mtoto mikononi.

Nasra akanitazama usoni. Hakunijua hata kidogo. Mdomo ukatetemeka, kisha akaachia kilio ambacho nadhani kilifika sokoni. Nikataka kumrudisha kwa mama yake, lakini Mwanahawa alikuwa ameshachukua kikapu changu ukutani.

“Nakwenda kutafuta samaki, Mama. Nikichelewa watakuwa wamekwisha.”

“Mwanahawa! Mtoto analia!”

“Namsikia. Mtabembelezana.”

Akatoka. Nikamweka mjukuu wangu begani, nikaanza kutembea naye ndani, naye analia, anavuta pumzi ndefu mpaka chini kabisa, analia tena. Nilikuwa nasubiri kikohozi chake katikati ya kilio. Hakikuja. Nje, ndara za mwanangu zilikuwa zimesimama mahali karibu na uzio, na nikajua naye anasikiliza kifua kilekile ninachokisikiliza mimi. Kisha nikazisikia zikiendelea kuelekea sokoni, polepole, kama za mtu asiye na haraka ya kurudi.